Jumapili MaCele Alipoonyesha Nyumba

Mwanamke akiwa anafua, anapika na kuuguza, hakuna anayemwona. Akitamka tu kwamba anaondoka, ukoo mzima unagundua ghafla kuwa alikuwa nguzo. Hayo ndiyo yaliyompata jirani yangu MaCele, na kwa kuwa mimi, MaNgcobo, nilikuwa ng'ambo ya ua nikiyaona kwa macho yangu haya mawili, nitayasema kama yalivyokuwa. Atakayenuna na anune.

Huyu MaCele alizaliwa kwa akina Cele, kule Umzumbe, akaletwa hapa Umlazi kuolewa na Mkhize angali msichana wa kiuno chembamba. Ng'ombe wa mahari walitolewa, hakuna aliyedhulumiwa. Tangu siku ile sikumbuki kumwona ameketi. Alikuwa dobi wa hospitali, akifua mashuka ya watu wasiomjua, na akirudi nyumbani anakuta ya watu wanaomjua. Mungu alimpa watoto akawachukua wote wachanga. Mama mkwe alipopooza, aliletwa kutoka Embo, kijijini kwa akina Mkhize, akalazwa chumba cha nyuma, na MaCele ndiye aliyemgeuza, akamlisha kwa kijiko, akamwosha, miaka na miaka. Mume wake naye, fundi wa reli, mtu mpole kweli kweli, alianza kukohoa. Akamuuguza naye mpaka akamzika. Nyumba yenyewe ilinunuliwa kwa mshahara wa dobi, wakati serikali ilipokubali tuzinunue nyumba tulizokuwa tumepanga, na hati ina jina lake.

Sasa kaka zake wa kuzaliwa walimkatia kipande cha ardhi huko Umzumbe, juu ya kilima, mahali magimbi yanapoota vizuri. Mwenzangu akaanza kuota vyumba viwili vyenye jiko lake, shamba dogo, na asubuhi isiyo na mtu anayeuliza chai iko wapi. Lakini kijumba cha kule kingejengwa kwa kuuza cha huku. Ndoto yake yote ilikuwa hiyo, wala si kubwa. Mimi mwenyewe nimeota makubwa zaidi ya hayo nikiwa kwenye foleni ya mkate.

Hapo ndipo alipotokea Bhekifa.

Bhekifa ni mdogo wa marehemu mumewe, anaishi Embo, na kwa kuwa wakubwa wote wamekwisha, yeye ndiye mkuu wa ukoo. Ni mtu wa koti, kofia na maneno. Kazi, hapana. Aliitisha kikao sebuleni kwa MaCele, akanywa chai ya MaCele, akala keki za MaCele, kisha akafuta mdomo na kusema nyumba haiuzwi.

"Tutakata vyumba hapo nyuma," akasema. "Wanafunzi wa chuo wanahangaika kutafuta pa kulala. Tutawapangisha. MaCele atakuwa msimamizi."

"Yaani afagie," nikasema kutoka dirishani. Sikuweza kujizuia.

"MaNgcobo, hiki ni kikao cha akina Mkhize."

"Basi msipige kelele zinazovuka ukuta."

Akanipuuza, akamgeukia shemeji yake. "MaCele, ng'ombe wetu hawakurudi kutoka kwa akina Cele. Na wewe hurudi. Mke wa Mkhize anabaki kwa Mkhize."

MaCele alikuwa amepiga magoti akikusanya vikombe. Alimwita kwa jina la sifa la ukoo wao, kwa heshima zote. "Khabazela, ng'ombe wenu walishazaa, wakazeeka, wakafa. Mimi bado nipo, na nimechoka."

Sasa utaniuliza, kama hati ni yake, si auze tu aende zake? Hata mimi nilimuuliza hivyo hivyo tukiwa jikoni, tena kwa hasira. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa kwa nini havui nguo sokoni.

"Niwaache humu na mgeni, MaNgcobo? Wazee wa nyumba hii? Mama mkwe niliyemlisha kwa kijiko, nimwachie mtu asiyemjua hata jina?"

Alisema kweli. Kwetu hapa huuzi nyumba na mizimu ya watu ndani. Lazima wazee waambiwe, kwa pombe ya mtama iliyopikwa humo humo, kwenye ile pembe yao ya chumba cha nyuma. Kisha wachukuliwe kwa tawi la mti wa miiba, wapelekwe nyumbani kwao. Na anayeweza kuwaita ni mwanamume wa ukoo. MaCele ni mke, ni mkwe. Tangu aolewe hajapata kutamka jina la baba mkwe wake wala la babu yao, na hatayatamka hadi anaingia kaburini. Sasa utamwitaje mtu ambaye jina lake hulitamki? Kwa hiyo alimhitaji Bhekifa, na Bhekifa alijua kwamba anahitajika. Ndiyo maana alikuwa ametanua miguu kwenye kochi namna ile.

Wakafikia mapatano. Bhekifa atasema na wazee, na MaCele atapewa Jumapili moja ya kuonyesha nyumba kwa wanunuzi. Akipatikana mnunuzi wa kweli Jumapili hiyo, aende zake kwa amani. Asipopatikana, vyumba vinakatwa na MaCele anashika ufagio. Mbele ya kikao chote cha ukoo MaCele alikubali, na neno lake mimi nalijua, halirudi.

Kesho yake akaja dalali. Binti wa akina Hadebe, anaitwa Nokulunga, viatu vya kisigino, simu mbili, na kope ndefu mpaka nikawa naogopa zitamwangukia kwenye chai. Alipita chumba hadi chumba akiguna. Nilidhani anaumwa.

"Mama," akasema, "vitu vyote hivi vitoke."

"Vyote vipi?"

"Kabati la vyombo. Vitambaa vya kufuma. Hayo masanduku juu ya kabati la nguo. Viti vya plastiki. Na picha ukutani, Mama, picha zote. Mnunuzi akiingia ajione yeye humu ndani, asiwaone akina Mkhize."

MaCele akautazama ukuta, picha ya harusi, picha ya mama mkwe akiwa bado anasimama. "Sasa nyumba iwe ya nani?"

"Isiwe ya mtu, Mama. Kwa siku moja tu."

"Hakuna nyumba isiyo ya mtu, mwanangu. Labda mahame."

Lakini akavitoa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na huyu aliinama. Vikahamia wapi? Kwangu! Nyumba yangu ikajaa hadi mlangoni. Kwenda chooni nilipita kwa ubavu. Picha ya baba mkwe, mzee wa masharubu na macho makali, ilikosa pa kuwekwa ikasimamishwa mezani pangu, na siku zote hizo nilikula mzee akinitazama kijiko hadi kijiko. Nikawa nakula kidogo kwa aibu. Hata nikapungua.

Kuta za kijani zikapakwa nyeupe. MaCele alipaka mwenyewe, kilemba kichwani, juu ya meza, nami nimeshika meza huku nikimtukana kwamba ataanguka anivunjie mguu. Mabomba yakakazwa. Kioo cha bafuni kilichopasuka tangu enzi za marehemu kikabadilishwa. Majani ya uani yakakatwa, mbwa wangu akaogeshwa kwa sababu Nokulunga alisema anaonekana kutoka dirishani. Ugomvi ulikuwa kwenye baraza tu. Baraza la MaCele ni jekundu, la kusuguliwa kwa nta mpaka unajiona uso. Nokulunga akasema watu wa siku hizi wanataka kijivu.

"Magoti yangu yameisha kwenye baraza hili," MaCele akamwambia. "Litabaki jekundu."

Likabaki jekundu. Na ukweli nausema, nyumba ilipendeza. Iling'aa mpaka MaCele mwenyewe akawa anaingia kwa kunyata kama mgeni. Nokulunga akaleta mshumaa wa vanila, akasema Jumapili asubuhi tuuwashe, nyumba inukie kama keki inaokwa. Akatabasamu kwa mara ya kwanza.

Hakujua habari ya pombe.

Pombe ilikuwa kwenye ndoo kubwa nyuma ya mlango wa jikoni, imefunikwa. Ilitakiwa iive Ijumaa, Bhekifa aje aseme na wazee wake, tusafishe, na ikifika Jumapili pasiwe na harufu yoyote ila hiyo vanila. Nilikuwa nimemwambia MaCele aipikie kwangu. Akaniuliza kama nina wazimu: pombe ya wazee wa Mkhize ipikwe kwa Ngcobo, wazee wa Ngcobo si watadhani ni yao? Nikaona kweli, wa kwetu wana kiu sana.

Basi si ikaja baridi! Upepo wa kusini na mvua ya Julai, ile inayoingia mpaka kwenye mifupa. Na pombe ya mtama haijali miadi yako. Kukiwa na joto inaruka, kukiwa na baridi inalala. Ijumaa tukafunua ndoo, imetulia tu, haina hata povu. MaCele akaifunika kwa blanketi lake mwenyewe. Akaisemesha. Nilimsikia: "Amka, mama, amka." Haikuamka.

Jumamosi Bhekifa akaja, kofia kichwani. Akachovya kidole, akaonja, akatema.

"Hii ni uji," akasema. "Mimi siendi mbele ya wazee na uji."

"Khabazela, ni baridi tu. Itaiva."

"Ikiiva nitakuja. Kesho."

"Kesho ni siku ya wanunuzi."

"Wazee hawana habari na wanunuzi, MaCele." Na akacheka. Nakwambia alicheka! Alijua anafanya nini. Aje Jumapili na pombe yake na wanywaji wake, wanunuzi wakimbie, jioni alete fundi wa kupima vyumba. Nilimwona moyo wake kama ninavyouona mkono wangu. Nikakimbilia kwangu kutafuta kitu cha kumrushia, nikakuta nimeshika picha ya baba yake, nikairudisha.

Nilidhani MaCele atalia. Hakulia. Alisema, "Njoo, Khabazela. Njoo mapema."

Jumapili jua likatoka kama vile halijapata kukosekana. Kabla ya saa sita ile ndoo ikaamka. Jamani, iliamka kwa hasira! Povu likainua kifuniko, blanketi likalowa, na harufu ikaingia kila chumba, ile harufu chachu, nzito, tamu, ya mtama ulioiva. Nokulunga alikuwa amesimamisha mabango yake ya mshale kwenye kona zote za barabara, anarudi akinyoosha sketi, akafika mlangoni akasimama.

"Ni nini hiyo?"

"Pombe ya wazee," nikasema.

"Leo? Mama MaNgcobo, leo?" Akakimbilia mshumaa wake akauwasha. Mshumaa ukawaka peke yake pale, masikini, hakuna aliyeusikia.

Nawe unajua pombe ya mtama haina mwaliko. Ikinukia, imeita. Anayepita njiani akisikia harufu anaingia, anabisha, anaketi, na hakuna wa kumwuliza umealikwa na nani. Kwanza akaja mzee Gumede wa mtaa wa nyuma, na kofia mkononi tayari. Halafu wanaume wa kanisa la Jumamosi, wao walishaabudu jana. Halafu akina mama waliotoka ibadani na sare zao. Wengine, naapa, waliyafuata yale mabango ya Nokulunga, wakadhani ni yetu ya kuonyesha pombe ilipo. Kisha Bhekifa mwenyewe akashuka kwenye gari lake la mzigo pamoja na rafiki yake mmoja mnene, wote wawili wamevaa suti. Bhekifa akaona umati, akafurahi hadi meno ya nyuma.

Wanunuzi wakaanza kuja. Kijana wa miwani ya jua na mkewe wakafika getini, wakaona viatu vya watu vimejaa barazani, akauliza, "Kuna msiba?" Nokulunga akasema hapana, ni jambo la familia, karibuni, vyumba vinne, mabomba mapya. Wakageuza gari. Akaja mama mmoja na shangazi yake, wakanusa, wakaondoka. Akaja mwalimu mmoja, akaketi na wazee akapokea pombe, akasahau kabisa kuangalia nyumba. Nokulunga alisimama getini akilia, zile kope ndefu zimeanza kung'oka kweli. Niliwaza ufagio. Niliwaza MaCele na umri ule akiokota makopo ya wanafunzi.

Chumba cha nyuma, Bhekifa akavua kofia na viatu, akapiga magoti kwenye ile pembe. Chungu cha kwanza cha pombe kikawekwa hapo mbele. Akachoma majani makavu ya impepho, ubani wa wazee, moshi ukapanda, na hata wale wa uani wakasogea. Tulijaa mlangoni na dirishani. Akaanza kuita.

"Khabazela! Mavovo! Gubhela!" Nampa haki yake, sauti anayo. Akawaita mmoja mmoja, babu, baba, kaka yake, mama yake. Halafu akasema: "Tumekuja kuwaambia kwamba kuna maneno humu ya kuhama. Lakini mimi nawasikiliza, na nasikia mko kimya. Kimya hiki nakielewa. Hamtaki kwenda. Basi bakini, na MaCele abaki awatunze, kama..."

"Khabazela."

MaCele alikuwa nyuma yake, amepiga magoti, shuka mabegani kama inavyotakiwa. Mwanamke haingilii maneno pale. Sijapata kuona tangu nizaliwe. Rafiki mnene wa Bhekifa akafanya "Ssst!" nikamkanyaga.

"Sikuingilii," MaCele akasema, na sauti yake haikupanda. "Mimi majina yao siyatamki, na leo sitayatamka. Kwa hiyo naomba unisemee wewe. Umewaambia wabaki. Basi waambie yote. Mama yako aliugua katika chumba hiki, hapo ulipopiga magoti ndipo kilipokuwa kitanda. Waambie nani alimwosha. Waambie aliita jina la nani alipokuwa anakata roho, na mwenye jina hilo alikuwa wapi. Kaka yako alikohoa damu mwaka mzima. Waambie nani alishika beseni. Wapo hapo, umewaita mwenyewe, wanasikiliza. Ukimaliza kuwaambia hayo, waambie sasa nibaki nifagie wapangaji. Ukisema hivyo mbele yao, Khabazela, nitabaki. Sitasema neno tena."

Jamani!

Bhekifa hakugeuka. Nilimwona shingo tu, na shingo ilianza kutoka jasho. Mtu anaweza kudanganya mahakamani, anaweza kudanganya kanisani. Pale, moshi ukiwa unapanda na mama yake mwenyewe ameshaitwa? Adanganye aone.

Akasogeza chungu. Akakirudisha.

Mzee Gumede, ambaye sikio moja halisikii na hivyo husema kwa sauti, akapaza kutoka dirishani: "Waambie basi, Khabazela! Majani yanaisha kuungua!"

"Waambie!" wakaitikia wa uani.

"Mama," Bhekifa akasema. Na sauti yake yote ile kubwa ikawa ya mtoto. "Mama... yeye ndiye aliyekuosha. Uliniita, nikasema nitakuja mwisho wa mwezi. Nilikuja siku ya kukuzika." Akaanza kulia, mabega yanatikisika ndani ya suti. "Kaka, yeye ndiye aliyekushika. Mimi sikushika kitu. Amemaliza kazi yake, wazee wangu. Amemaliza na ya kwangu pia. Mfungulieni njia. Nyinyi twendeni nyumbani Embo, nitawatunza mimi."

Vigelegele vilivyopigwa pale, wa mtaa wa tatu walitoka nje kuangalia. Nililia, sioni haya kusema. MaCele alibaki amepiga magoti, macho makavu, akitazama sakafu.

Ndipo nikasikia mtu nyuma yangu anasema, "Tupisheni, tafadhali." Bibi mmoja mfupi, kilemba cha buluu, anavua viatu vyake mlangoni. Nyuma yake mwanamke mrefu mwenye koti la kazi la bandarini. Walikuwa wamesimama ukumbini tangu mwanzo wa maombi, na hakuna aliyewaona, hata Nokulunga aliyekuwa akilia getini. Bibi anaitwa MaZondi. Yule mrefu ni bintiye, Thandazile, anaendesha kreni ya kupakua meli.

MaZondi akaingia, akapiga magoti karibu na MaCele, akamsalimu kwa mikono miwili.

"Mwanangu," akasema, "tumezunguka mji mzima. Nyumba zote nyeupe, zote zinanukia keki. Na kila nikiuliza wenye nyumba wazee wao wamewapeleka wapi, madalali wananitazama kama nimetapika. Nilimwambia huyu, siingii kulala kwenye nyumba ya wazee wa watu wasioagwa. Watatuuliza usiku kucha sisi ni akina nani." Akamgeukia bintiye. "Thandazile, ni hii. Nunua."

"Mama, hata choo hatujakiona!"

"Choo kitakuwepo."

Thandazile si mtu wa kusukumwa. Alifungua mabomba yote, akagonga kuta, akapanda kiti akachungulia darini, akauliza maswali mpaka Nokulunga, aliyeitwa mbio na kope moja tu jichoni, akatoka jasho. Alipofika barazani akasimama kidogo, akavua kiatu, akakanyaga lile jekundu kwa mguu mtupu, akatabasamu. Akarudi jikoni akasema anaichukua, na kwamba benki ilishampa barua ya kumkubalia mkopo. Wakatia sahihi kwenye meza ya jikoni, katikati ya vikombe vya pombe. Mgeni njoo, mwenyeji apone! Nokulunga alipiga kigelegele kimoja kirefu, kisigino kikamkatikia, akaendelea nacho hivyo hivyo.

MaCele akampa Bhekifa lile tawi la miiba, alilokuwa ameliweka tayari ndani ya maji uani. Bhekifa akaligusisha kwenye ile pembe, akasema, "Twendeni nyumbani," akatoka nalo. Na unajua, mwenye kubeba wazee haongei na mtu njiani, hata asalimiwe na mfalme. Nikamsindikiza hadi kwenye gari.

"Safari njema, Khabazela! Wasalimie Embo! Na wale wanafunzi niwaambie nini? Mbona kimya, baba? Nimekukosea?"

Alinitazama tu, macho mekundu. Miaka yote ninayomjua mtu huyu, ndiyo mara ya kwanza nimesema peke yangu mpaka nikamaliza. Tawi likakaa kiti cha mbele, maana wazee hukaa mbele, na yule rafiki mnene akapanda nyuma kwenye mzigo na suti yake, upepo ukimpiga. Walipokata kona nilicheka hadi nikashika ukuta.

Niliporudi ndani, watu walikuwa wanaimba. MaCele alikuwa ameketi. Ameketi kabisa, kwenye kiti, miguu ameinyoosha, na akina mama wengine ndio waliokuwa wakihudumia pombe. MaZondi alikuwa kando yake, kikombe mkononi.

"Na wewe, mwanangu," akamuuliza, kama tunavyowauliza wajane wote, "sasa unakwenda kwa nani?"

MaCele akafungua mdomo kujibu kama alivyozoea. Maisha yake yote amekuwa kwa mtu. Kwa baba yake, kwa Mkhize, kwa mama mkwe, kwa matroni wa hospitali.

"Kwangu," akasema.

"Kwa kaka zako, unamaanisha?"

"Hapana, Mama. Kwangu." Na machozi aliyokuwa ameyazuia siku nzima yakatoka yote, huku anacheka. "Nakwenda kwangu mimi."